Siku Tuliyoielekezea Mzinga Chopa ya Mheshimiwa

Aibu hii nimeshaiungama mbele za Mungu, mbele ya kanisa na mbele ya polisi, kwa hiyo sioni sababu ya nyinyi marafiki zangu kuendelea kuisikia kwa watu wengine ambao wameshaitia chumvi. Ni kweli kwamba mimi, Barasa, mzee wa kanisa, mtu anayesimama Jumapili kusoma Neno na watoto wakanyamaza, nililala kifudifudi kwenye nyasi za uwanja wa kanisa la nyumbani kule upande wa Myanga, nikiwa nimevaa koti langu jeusi la harusi na la mazishi (ni hilo hilo moja), huku mama yangu mzazi, mchungaji, kwaya na shule ya Jumapili nzima wakinitazama. Ni kweli pia kwamba video ipo. Hayo mengine, kwamba eti tulikuwa tumetumwa na wapinzani wa mheshimiwa, ni uongo, na anayeyasema nimemsamehe.

Yote yalianza na rangi. Nilikuwa na kopo la rangi ya kijani lililobaki nilipopaka lango langu hapa Kitale, nikalitazama lile bomba la kisima lenye kutu nikasema, si nilipake kidogo lipendeze, maana tunaenda nalo kanisani. Ni hilo tu. Bomba la kutu lingebaki bomba mpaka siku ya mwisho. Bomba la kijani lililoinuliwa juu ya magurudumu ni kitu kingine kabisa, lakini hilo nilikuja kulielewa nikiwa tayari nimelala chini.

Ili mnielewe, lazima nianze na baba. Wakati wa vita vya pili vya dunia alichukuliwa na Mwingereza akiwa kijana, na maisha yake yote alituambia kwamba alikuwa katika kikosi cha mizinga mikubwa ya kupiga ndege, Waingereza na Waafrika pamoja, wakilinda bandari ya Mombasa. Shida ni kwamba ndege ya adui haikuja. Walisafisha mzinga, wakafanya mazoezi asubuhi, wakayarudia jioni, wakaitazama mbingu, na vita vikaisha. Sasa mtu akirudi kijijini na habari ya namna hiyo, na wenzake wametoka Burma na makovu, watu watasemaje? Walisema alikuwa mpishi wa Wazungu. Walimwita Mpishi mpaka tukamzika, na kwa kuwa karatasi zake za jeshi ziliungua siku nyumba yetu ya nyasi iliposhika moto, hakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Alikuwa akicheka tu, lakini mtoto hujua baba yake anapocheka kwa kulazimika.

Mwaka jana kanisa la nyumbani likaamua kutengeneza ubao mzuri wa mvule, uchongwe majina ya watu wa pale waliokwenda vitani, utundikwe ukutani na majina yasomwe kila mwaka katika ibada ya shukrani. Mayi (ndivyo tunavyomwita mama yetu) yuko hai kwa neema tu. Amepita tisini, macho yamefifia lakini masikio ni mazima, na aliposikia habari za ubao aliniita kutoka Kitale, akanikalisha karibu naye.

“Barasa, nataka kusikia jina la baba yako likisomwa kanisani kabla sijamfuata,” aliniambia. “Sitaki kitu kingine.”

Mwenyekiti wa kamati ya ubao alikuwa Mzee Khaemba, ambaye si mtu mbaya, na hilo naomba mlishike. Baba yake alirudi kutoka Burma na mguu mmoja, akalima na mguu huo mmoja, akawasomesha. Nilipopeleka ombi langu alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akanijibu kwa utaratibu kabisa.

“Baba yangu aliacha mguu Burma. Wako alikula samaki Mombasa. Lete ushahidi, Mzee Barasa, usiniletee machozi.”

Basi nikaanza kutafuta. Nilikuwa sijui kwamba mtu wa umri wangu anaweza kuwa mwanafunzi tena, lakini asubuhi nikishakamua ng'ombe na kusali nilikuwa nashuka mjini Kitale, naingia saiba, kile chumba cha kompyuta za kulipia, nasoma habari za vikosi vya Uingereza vya mizinga ya ndege mpaka macho yanatoa maji. Niliandikia ofisi nyingi. Nyingine hazikujibu, nyingine zilijibu kwamba wamepokea. Mwishowe nikampata mzee mmoja wa Uingereza, baba yake aliwahi kuwa ofisa katika kikosi kama kile, naye amestaafu na kazi yake ni kukusanya historia hiyo. Tukaandikiana kama ndugu (goti lake lilimsumbua, nikawa naliombea, akaniambia limepata nafuu, ingawa pia alikuwa anameza dawa). Tulichogundua kiliniuma. Majina ya Waingereza yalikuwepo mpaka la aliyepiga tarumbeta. Waafrika walikuwa wameandikwa “askari”, basi, kama vile mtu anavyohesabu mifuko ya mahindi.

Lakini siku moja yule mzee akaniletea picha ya mzinga na maelezo ya jinsi watu wake walivyofanya kazi, na hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwa sauti ndani ya saiba, hata mwenye saiba akaniuliza kama nimeshinda beti.

Alieleza kwamba watu wawili walikaa juu ya mzinga, kila mmoja na gurudumu lake la mkono. Mmoja aliugeuza mzinga kushoto na kulia, mwingine aliinua na kushusha mtutu. Hao wawili hawakuruhusiwa kutazama mbinguni hata kidogo. Kila mmoja alikuwa na kipimo cha mviringo kama saa mbele ya uso wake, na kazi yake ilikuwa kuufanya mshale mmoja uufuate mwingine. Wa kuifuata ndege kwa macho walikuwa wengine, pembeni, kwenye chombo chao. Na juu ya wote alikuwepo Namba Moja, ambaye bila neno lake hakuna aliyeanza wala kuacha.

Ndugu zangu, huo ndio mchezo tuliochezeshwa na baba tukiwa wadogo. Alikuwa akitulazia shina la mgomba juu ya plau kuukuu. Mdogo wangu Wafula alikaa upande mmoja na gurudumu la baiskeli, Wekesa upande wa pili na lake, mbele yao vifuniko vya sufuria vilivyochorwa mishale kwa mkaa, na ole wako ukiinua macho. Dada yetu Nasimiyu alisimama kando na fimbo, anamfuata mwewe aliyetaka vifaranga vya Mayi, anapaza sauti kushoto, kulia, juu. Mimi mkubwa nilikuwa Namba Moja. Nikisema “Fuata,” wanaanza. Nikisema “Pumzika,” wanaacha. Tulidhani baba anatuburudisha. Kumbe alikuwa anatuachia ushahidi wake mahali ambapo moto haufiki.

Nilipomweleza Mzee Khaemba haya yote kwa simu alisema kwamba hata mpishi anaweza kucheza na watoto wake. Lakini kamati ikakubali tuonyeshe kwa vitendo siku ya kuzindua ubao, dakika chache tu, kabla ya kufika mheshimiwa aliyeahidi mabati ya ukumbi wa shule ya Jumapili. Wakiridhika, jina litachongwa. Wasiporidhika, nisiwasumbue tena, na Mayi aambiwe ukweli. Nikakubali masharti.

Wafula na Wekesa wakaja kwangu Kitale, wazee wazima wenye wajukuu, tukafanya mazoezi nyuma ya ghala la mahindi. Hawakuwa wamesahau. Nasimiyu hakuhitaji mazoezi, kwa sababu anauza mitumba Kanduyi na sauti yake haijawahi kuhitaji spika. Tulifunga bomba juu ya mhimili wa mkokoteni kwa egemeo la chuma, likawa linazunguka na kuinuka vizuri kabisa kwa magurudumu mawili ya baiskeli, nikalipaka ile rangi, na siku yenyewe tukalipakia kwenye pikapu na kuondoka. Tulipofika Chwele ilikuwa siku ya soko, magari hayasogei, na muuza kuku mmoja akauliza kama tunaenda kuchimba kisima. Wa bodaboda aliyekuwa nyuma yake alilitazama muda mrefu zaidi, akasema, “Wazee, hiyo kitu inatisha bana. Si muifunike?” Tukamcheka. Tulikuwa na turubai pale pale kwenye pikapu, tumelikalia.

Ibada ilikwenda vizuri. Baadaye watu wakatoka uwanjani, Mayi akawekewa kiti mbele, polisi wachache waliokuja kumngoja mheshimiwa walisimama karibu na lango wakinywa soda, na Mzee Khaemba akanipa kipaza sauti akanikumbusha nifupishe. Hapa nikafanya kosa la pili. Nilisema nitaanza na neno la maombi, na nyinyi mnanijua nikishika maombi. Nilishukuru kwa mvua, kwa mbolea, kwa safari ya kutoka Kitale, kwa saiba, kwa goti la yule mzee wa Uingereza. Nikawatambua wachungaji, wazee, mama wa kanisa, na wageni kutoka makanisa jirani kwa majina yao (ukimruka mmoja, utalisikia hilo mpaka uzeeni). Nilipofumbua macho muda wangu ulikuwa umekwisha na nusu ya kwaya walikuwa wanatazama simu.

Nikakabidhi kipaza sauti, nikachukua nafasi yangu. Wafula na Wekesa wakakaa kwenye vigoda, macho kwenye vifuniko vya sufuria. Nasimiyu akainua fimbo. Nikasema, “Fuata.”

Hakukuwa na ndege. Nawaambia, mbingu ilikuwa tupu, hata kunguru hakupita. Mwewe wanaotumalizia kuku kila siku walikuwa wamekwenda mahali pengine kabisa. Wazee wawili wameinama kwenye vifuniko vya sufuria, dada yao kanyosha fimbo juu, mimi nimesimama wima, na hakuna kinachotokea. Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa adabu, halafu bila adabu. Kijana mmoja wa kwaya akasema ndivyo vita vya Mombasa vilivyokuwa. Mzee Khaemba hakucheka, alitazama saa yake tu, na hilo liliniumiza zaidi. Nikamwona Mayi ameinamisha kichwa. Nikasema moyoni, Bwana, lete hata njiwa.

Sasa, mheshimiwa alitarajiwa kuja kwa gari. Hakuna aliyetuambia kwamba barabara ilikuwa imeharibika na ameamua kuja kwa chopa, yaani helikopta. Nasimiyu ndiye aliyeisikia kwanza, ikitokea upande wa Kanduyi, na kwa kuwa dada yangu alikuwa ametafuta shabaha muda wote ule mbele ya watu wanaocheka, hakuuliza ni ya nani.

“Ndege! Kulia! Kulia zaidi! Juu!”

Bomba likageuka. Mwanzoni watu walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mpango, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri sana. Chopa ikashuka ili itafute pa kutua, bomba likashuka nayo. Ikaenda kushoto, bomba likaenda kushoto. Wafula na Wekesa hawakujua ni kitu gani wanakifuata, kwa kuwa walifundishwa wasiinue macho, na sauti ya dada yao ilikuwa inawatosha. Ule mtutu wa kijani ulikuwa umeganda kwenye tumbo la chopa kana kwamba umefungwa kwa kamba. Ndipo makofi yalipokatika. Nikawaona polisi wametupa soda. Nikaona, kupitia kioo cha chopa, mtu mnene akivutwa kichwa chini na mwenzake.

Kazi ya Namba Moja ni kutazama na kutoa amri. Ni hiyo tu, na ilikuwa yangu. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, na naapa kwamba neno lile lilinitoka kichwani lote. Nilifungua mdomo nikasema, “Amina.” Nikalirudia kwa sauti kubwa, “Amina, amina,” lakini amina si amri, na ndugu zangu wakaendelea kuzungusha.

Chopa ikayumba, ikapanda, ikageuka ikarudi ilikotoka pamoja na mheshimiwa, hotuba yake na mabati yetu. Polisi wakatuzunguka na bunduki, wa mbele akapaza sauti kwamba tuachie hiyo kitu na tulale chini. Mimi nililala kabla hajamaliza kusema. Nasimiyu alikaa, akasema yeye na nguo hiyo halali kwenye majani. Lakini Wafula na Wekesa walibaki kwenye vigoda vyao, mikono kwenye magurudumu, macho kwenye sufuria, jasho likiwatiririka. Polisi akawaamuru tena, na kidole nilikiona kilipo. Hapo ikasikika sauti ya Mayi kutoka kwenye kiti chake, wala hakuipandisha.

“Kijana wangu, hao hawatakusikia wewe. Wanangoja neno la huyo aliyelala.”

Ndipo lile neno liliporudi. Nikiwa na nyasi mdomoni nikasema, “Pumzika.” Wote wawili wakaachia magurudumu kwa pamoja, wakasimama, wakanyoosha mikono ubavuni, mbele ya bunduki zile, kama baba alivyotufundisha.

Walitupeleka kituoni, sisi wanne pamoja na bomba. Mkubwa wa kituo alikuwa mtu mvumilivu. Aliweka jicho kwenye bomba akaona ukuta wa pili, akavigeuza vile vifuniko vya sufuria, akanisikiliza nikieleza habari za vikosi vya Waingereza toka mwanzo, na nilipofika kwa mzee mwenye goti akaniomba nipumzike. Akasema haoni silaha, lakini mheshimiwa amepiga simu na ni lazima aandike jambo. Kisha, kwa huruma tu, akatupa njia. Angeweza kuandika kwamba sisi ni wazee ambao akili zimechoka, tukachukuliwa nyumbani na jamaa zetu, yakaishia hapo. La sivyo apate mtu wa heshima, asiye wa ukoo wetu, wa kueleza kile tulichokuwa tunafanya. Asipompata, tulale ndani na kesho twende mahakamani Bungoma.

Nilimtazama Wafula, mwenye shinikizo la damu. Nikamtazama Wekesa. Ilikuwa rahisi sana kukubali. Lakini niliona kwamba tukiandikwa wendawazimu, basi na mchezo ule utakuwa wendawazimu, na baba atabaki mpishi milele, safari hii kwa mkono wa serikali na kwa idhini ya wanawe. Nikasema hapana, tutalala. Wafula akaniuliza kwa Kibukusu kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Akavua viatu akaanza kujiandaa kulala, saa ambayo jua lilikuwa bado juu.

Tukiwa hapo akaingia Mzee Khaemba, bado na tai yake ya kamati. Mchungaji alikuwa amekimbilia Kanduyi kumtuliza mheshimiwa, kwa hiyo alikuja yeye. Mkubwa wa kituo akamuuliza kama anatujua, na kama anajua kitu kile kilikuwa nini. Khaemba akanitazama. Nilijua anachoweza kusema. Alikuwa amekisema maisha yake yote, na siku hiyo nilikuwa nimemharibia sherehe na kumkosesha mabati.

“Andika hivi, afande,” alisema. “Baba yao alikuwa askari wa mizinga ya kupiga ndege, vita vya dunia. Aliwafundisha hawa wakiwa watoto.”

Afande akauliza ana uhakika gani, kwani yeye mwenyewe alikuwepo? Khaemba akalegeza tai.

“Nimewaona leo kwa macho yangu. Hakuna mpishi anayeweza kufundisha watoto kitu, wakakifanya uzeeni, chopa ikakimbia.”

Tulipotoka nje nilimshika mkono kumshukuru, akauondoa. Akasema amelisema mbele ya serikali na hawezi kurudi nyuma, kwa hiyo fundi atachonga, lakini mabati ya ukumbi yatatoka kwangu na kwa ndugu zangu, na nikiomba tena hadharani atazima kipaza sauti yeye mwenyewe. Nilikubali yote. Bado tunayalipia hayo mabati, na mheshimiwa ameshapokea barua yangu ya kuomba radhi, ingawa nasikia haruki tena kuja upande wetu.

Jina lilisomwa Jumapili iliyofuata baada ya fundi kumaliza. Mayi aliomba lisomwe mara ya pili, akidai hakusikia. Masikio yake, nimeshawaambia, ni mazima.

Somo langu ni hili: mtu akiwa na ukweli asiupake rangi, na akipewa dakika chache azitumie kwa alichoitiwa. Sitainua tena bomba, fimbo wala mpini wa jembe kuelekea mbinguni, hilo nimeahidi mbele ya kamati. Kutafuta sijaacha. Wale wengine walioandikwa “askari” tu bado wanangoja, na kila juma nashuka saiba. Hata juzi mama mmoja wa Webuye aliyeona ile video alinipigia, akasema baba yake alikuwa akiwapanga watoto mstari, wanapokezana magunzi ya mahindi haraka haraka, la mwisho linasukumwa ndani ya mtungi kwa ngumi iliyofungwa, si kwa vidole, na hakuwahi kuwaambia ni kwa nini. Nilikaa chini niliposikia kuhusu ile ngumi, kwa maana, kwa maelezo ya yule mzee wa Uingereza, ndivyo risasi ya mzinga ule ilivyosukumwa ndani. Nimemwambia aje Kitale anisimulie yote. Aje na ndugu zake, nikamwambia, lakini magunzi waache nyumbani.